Baraza la Mwalimu: Watu wa Kubuni na Nchi za Kweli

Mwaka jana katika ukurasa huu tulizungumza juu ya majina ya watoto, na barua nilizozipata zilijaa mtoto wa meza. Mwaka huu nimeombwa na wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, nieleze jambo moja tu. Mtoto akisema kwamba chuoni anasoma sayansi ya jamii kwa kompyuta, anasoma nini hasa? Ni uhandisi huo, au ni siasa? Na akimaliza ataajiriwa na nani?

Mmoja wa wazazi hao ni ndugu yangu wa tumbo moja. Amelipa karo ya binti yake miaka mitatu akijua analipia uhandisi, na sasa binti amemwambia kwamba anataka kujenga dunia za kubuni ndani ya kompyuta na kuwachunguza watu wa humo wanavyoishi. Ndugu yangu alinipigia simu usiku wa manane. "Kaka," akasema, "zungumza na mwanao. Anataka kuacha kazi ya maana akacheze michezo." Nimezungumza naye, na kwa kuwa haifai mwalimu kusema kabla ya kusoma, nimesoma pia. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Nitaanza na hapa hapa Springfield. Sote tunayajua makutano ya barabara za I-95, I-395 na I-495, ambayo wenyeji huyaita Mixing Bowl. Kazi ya kuyajenga upya ilianza mwaka 1999 ikamalizika 2007. Daraja juu ya daraja. Hana macho asiyeona kwamba ile ni kazi ya mafundi hodari. Mhandisi alihesabu uzito, mwinamo, saruji, na magari mangapi yatapita kwa saa moja. Sasa angalieni mambo yaliyotokea kando ya barabara hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 serikali ilitenga njia maalumu ya kwenda mjini kwa magari yenye watu wengi. Mwanzoni sharti lilikuwa watu wanne, baadaye likapunguzwa wakawa watatu. Makusudio yalikuwa majirani na wafanyakazi wenza wapange kusafiri pamoja. Watu wakafanya jambo jingine kabisa, lisilokuwamo katika mchoro wa mtu yeyote. Dereva aliye peke yake akawa anasimama karibu na kituo cha basi na kutaja aendako: Pentagon! Wawili wasiomjua wakapanda, gari likatimiza idadi, na wote watatu wakafika mapema bila ya kulipana hata senti moja. Hapa petu mahali mashuhuri pa kupandia paliitwa Bob's, kwa jina la mkahawa uliokuwapo zamani.

Zikazuka na adabu zake. Abiria haanzi mazungumzo, hagusi dirisha wala redio, hatoi pesa, na mwanamke haachwi peke yake katika foleni. Mzee mmoja wetu, ambaye wengi wenu mtamtambua hata nisipomtaja, alipanda siku yake ya kwanza akamsalimia dereva kwa ukamilifu kama tulivyolelewa: hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na kazi je. Anasema yule bwana alimtazama katika kioo kana kwamba amepakia jini. Kanuni hizo hazikutungwa na ofisi yoyote wala hazikupigiwa kura, na bado foleni zilidumu miongo mingi, hadi janga la mwaka 2020 lilipowafungia watu majumbani zikapungua sana.

Mhandisi peke yake asingeliweza kuiona foleni ile kabla haijatokea, maana katika hesabu zake gari ni kitu chenye urefu na mwendo, halina haya wala haraka. Mtaalamu wa jamii naye angeweza kuieleza vizuri baada ya kutokea, akaandika kitabu. Lakini mwulize: sharti likirudi kuwa watu wanne, ni wangapi watasimama pale Bob's kesho asubuhi? Hatakujibu. Hapo ndipo elimu hii mpya inapoingia. Wanasema: tutengeneze watu wadogo wa kubuni, elfu kumi kwa mfano, kila mmoja na nyumba yake, kazi yake, haraka yake na woga wake, tuwaweke katika barabara ya kubuni, tuwaache waende zao, kisha tutazame kitakachozuka. Mtaalamu wa jamii aseme mtu ni nini, mhandisi aufanye mtambo umwendeshe mtu huyo bila ya kukwama.

Mwanzo wa maarifa haya haukuhitaji hata kompyuta. Thomas Schelling, mtaalamu wa uchumi aliyesomesha hapa jirani, Chuo Kikuu cha Maryland, na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2005, alichapisha mwaka 1971 makala juu ya namna mitaa inavyogawanyika, na sehemu ya kazi yake aliifanya kwa sarafu juu ya ubao. Mnaweza kuijaribu nyumbani. Chukueni ubao wa sataranji, wenye vyumba 64. Tawanyeni mbaazi na choroko ovyo ovyo, punje moja kila chumba, mkiacha vyumba kumi na tano hivi vitupu. Kanuni ni moja tu: punje yoyote ambayo chini ya theluthi moja ya majirani zake ni wa aina yake, haina raha, nayo huhama kwenda chumba kitupu kitakachoiridhisha. Basi endeleeni kuhamisha mpaka kila mmoja atulie. Nilifanya hivi na wajukuu zangu siku ya mvua. Haikupita nusu saa, mbaazi zimejikusanya upande wao na choroko upande wao, kama kwamba kuna mtu aliyetoa amri. Na hali kila punje ilikuwa radhi kuwa miongoni mwa wachache mtaani kwake! Haikutaka ila jamaa wawili watatu wa kusalimiana nao.

Mjukuu wangu wa darasa la tano akasema, "Babu, ndiyo maana sisi sote tunakaa barabara moja?" Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini nilimwambia, na ninawaambia nanyi, mchezo huu usitumiwe kuwasafisha watu. Hapa Virginia weusi walizuiwa kukaa penye weupe kwa hati za nyumba na kwa sheria, na hayo yameandikwa. Schelling alionyesha kwamba mgawanyiko unaweza kuzuka hata pasipo chuki. Hakusema kwamba chuki haikuwako.

Kompyuta zilipokuwa na nguvu zaidi, Joshua Epstein na Robert Axtell, waliokuwa Taasisi ya Brookings mjini Washington, walitoa kitabu mwaka 1996 juu ya nchi ya kubuni yenye vyumba 50 kwa 50 ambamo sukari inaota kama majani. Watu wao hawakujua jingine ila kutafuta sukari na kuila. Baada ya muda wachache wakawa na maghala na wengi wakawa maskini, wala hapakuwa na mwizi.

Ziko na dunia za aina nyingine, ambazo nyuma ya kila kikaragosi amekaa mtu wa kweli na kikombe chake cha kahawa. Hizo ndizo ndugu yangu anazoziita michezo, na mimi sikatai, ni michezo. Walakini mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alizichunguza pesa za mchezo wa EverQuest, ambazo watu walikuwa wakiuziana kwa dola za kweli, akakadiria kwamba pato la kila mkazi wa nchi ile isiyokuwako lilikaribia lile la Urusi wakati huo. Tena mwezi wa Septemba 2005, katika mchezo wa World of Warcraft, ugonjwa uliokusudiwa kwa wachezaji hodari ndani ya pango moja ulitoka nje pamoja na wanyama wao ukaingia mijini. Wachezaji dhaifu wakafa kwa makundi. Wengine wakakimbia, wengine wakaja kutibu, wengine wakaueneza kwa ubaya, na wako waliokwenda kutazama tu. Kampuni ikalazimika kuianzisha dunia yake upya. Watafiti wawili, Eric Lofgren na Nina Fefferman, wakaandika juu ya mkasa huo mwaka 2007 katika jarida la waganga, The Lancet Infectious Diseases, wakisema kwamba katika mahesabu ya maradhi inafaa kumfikiria huyo anayekwenda kutazama. Mwaka 2020 sote tulimwona, na baadhi yetu tunaye katika familia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishika. Kutoka hapa ukifuata Braddock Road kuelekea magharibi unafika Chuo Kikuu cha George Mason, si mwendo mrefu kama hapana msongamano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Claudio Cioffi-Revilla, mtaalamu wa siasa aliyekuwa akizifanyia vita mahesabu, alianzisha pale kituo cha kuchunguza mambo ya jamii kwa njia hii. Akashirikiana na Sean Luke wa upande wa kompyuta, na kwa pamoja watu wao wakatengeneza programu iitwayo MASON, ambayo hutolewa bure, ya kuendeshea watu wa kubuni kwa maelfu. Na nchi waliyoijenga kwa programu hiyo ni ipi? Ni yetu! Waliiita RiftLand, kwa jina la Bonde la Ufa. Imo Afrika Mashariki na mvua yake, malisho yake, mashamba, mifugo na kaya zinazochagua kulima, kufuga, kutafuta kibarua au kuhama njaa inapoingia. Kabla yake walijenga nyingine ndogo, ya wafugaji wa pembetatu ya Mandera, panapokutana Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 2010 watafiti hao walichapisha kazi wakiuliza visima na mabwawa ya maji yanabadilisha vipi ugomvi baina ya wafugaji.

Nilipomwuliza binti wa ndugu yangu nani aliyegharimia, alinijibu pasi na kuficha: "Jeshi la majini la Marekani, Ami, idara yake ya utafiti." Nilinyamaza kidogo. Jeshi halinunui ramani ya nyumba ya mtu kwa mapenzi. Hata hivyo kazi zenyewe zimechapishwa na programu iko wazi, na nyumba ikiwa imeshachorwa, afadhali wawemo wanaojua choo kiko upande gani.

Maana hapa ndipo penye uzito. Nilisomesha jiografia miaka mingi, na ninajua tofauti ya mto ulio kwenye ramani na mto wenye maji. Mhandisi anaweza kuweka kisima, akaweka makundi mawili ya ng'ombe wenye kiu, akaandika kanuni kwamba wakikutana watapigana. Mtambo utawapiganisha vizuri sana. Lakini kwa Waborana kisima kirefu kina mtu wake wa kupanga zamu, huitwa abba herrega, naye ndiye anayesema leo nani anatangulia kunywesha na nani anasubiri. Asiyemjua mtu huyo hamweki. Asipomweka, damu itamwagika ndani ya kompyuta mahali ambapo duniani watu wamekaa kivulini wakingoja zamu, na ripoti itakwenda kwa wakubwa ikisema: kisima kile ni cha hatari. Simtuhumu mtu kwamba amefanya hivyo. Nasema ndivyo kosa la namna hii linavyoingia, kimya kimya, kupitia kitu ambacho hakuna aliyekiuliza.

Kazi nyingine ya pale pale George Mason ni ya Kibera. Bianica Pires na Andrew Crooks waliichapisha mwaka 2017. Mnakumbuka uchaguzi wa Kenya wa 27 Desemba 2007, matokeo yaliyotangazwa tarehe 30, na majuma yaliyofuata; nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,100. Watafiti hawa waliijenga Kibera ya kubuni, wakaaji wake wakiwa na nyumba, shughuli za kila siku, jamaa na marafiki. Kisha wakaingiza uvumi, wakatazama unavyopita mdomo hadi mdomo mpaka fujo izuke. Waliona kwamba vijana ndio wepesi zaidi kuvutwa. Lakini walipozidisha elimu na kazi katika Kibera yao, fujo haikupungua kwa mstari ulionyoka kama tunavyopenda kuhubiri. Hali zilikwenda huku na huku. Mimi mwalimu mstaafu sikulifurahia jambo hilo, ila nalitaja kama lilivyo.

Na idadi ya watu je? Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ikakuta kama 170,000. Wako wanaobisha hadi leo. Ramani yenyewe haikuwa nzuri mpaka vijana wa Kibera walipoanza kuichora wenyewe mwaka huo huo wa 2009, wakitembea na vyombo vya kupimia mahali, katika kazi iliyoitwa Map Kibera. Wajenzi wa dunia za kubuni wanakula ramani na hesabu kama hizo, na mpishi hawezi kuushinda unga aliopewa.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya kambi za wakimbizi za Dadaab, aliyoifanya Crooks pamoja na Atesmachew Hailegiorgis ikachapishwa 2014. Kipindupindu. Waliweka watu, maji, vyoo na mvua, wakaona maradhi yakitambaa kwa duara kutoka penye maji machafu, na mvua za msimu zikiyaamsha upya. Swali la namna hii lina faida iliyo wazi: bomba likae wapi, na dawa ya maji ipelekwe mwezi gani. Ndugu yangu nilipomsomea hili alitulia. Kisha akauliza mshahara.

Nikamjibu kwamba mtoto hajauacha uhandisi. Anaongeza juu yake. Wanaopanga barabara, hospitali, bima na misaada ya maafa wanatumia hesabu za aina hii, na pale Fairfax na Washington ofisi za namna hiyo hazikosekani. Nikamwambia na la pili: wahandisi wanaojua kuandika programu ni wengi kuliko mchanga, lakini mhandisi ambaye nyanya yake anaweza kumweleza mtaa wa Kiafrika ulivyolala usiku wa hatari ni adimu. Alisema atafikiri. Karo ya muhula huu ameilipa.

Nina la mwisho. Mwezi wa Machi binti huyu alikuja kwangu na kompyuta yake, akiwa amejenga kijimtaa kwa zoezi la darasani, nyumba mia mbili, uvumi mmoja. Nilikuwa nimemwalika mama mmoja wa jumuiya yetu, Mnubi, mzaliwa wa Kibera, ambaye mababu zake waliletwa huko na Waingereza kama askari, na ambao ndio waliopaita mahali pale Kibra, yaani msitu. Binti akawasha, nukta nyeupe zikawa nyekundu moja baada ya nyingine. Mama akatazama mpaka mwisho. Akasema usiku mmoja wa Januari 2008 habari zilipita kwamba wanakuja kuchoma, na watu walikuwa tayari na vifurushi kichwani. Jirani yake, mtu wa kabila jingine na ambaye hawakuwa wakisalimiana vizuri kwa sababu ya deni la dukani, akagonga mlango akamwambia: si kweli, nimekwenda mpaka darajani nikatazama, lala. Kisha akachukua kigoda akakaa kwenye mdomo wa uchochoro mpaka alfajiri. Vichochoro viwili mbele nyumba ziliungua. Chao hakikuguswa.

"Yuko wapi huyo humu?" akauliza.

Binti akasema katika mtaa wake hayumo. Kila asikiaye uvumi huupeleka mbele au huukalia, hakuna anayekwenda kuthibitisha akarudi kuwaambia wengine. "Nielezee, Bibi, nimtie." Mama akasema anaweza kueleza alichokifanya, lakini kwa nini alifanya vile, na deni lile likiwapo, hajui mpaka leo, na mwenyewe amekwisha kufa.

Walikaa mezani hadi magharibi. Waliporudia zoezi wakiwa wametia watu watano wa aina hiyo katika nyumba mia mbili, mara nyingine mtaa ulinusurika na mara nyingine uliungua vile vile, kwa kutegemea walikaa wapi. Binti anasema watano ni namba aliyoibuni tu, na anataka kujua kwa kweli huwa ni wangapi.

Kwa hiyo atakuwa na meza yake kwenye mkusanyiko wetu wa kiangazi, karibu na mahali pa watoto. Anawatafuta waliokuwa Kibera, Mombasa, Kisumu au Eldoret kati ya Desemba 2007 na Februari 2008, na wowote waliopata kuishi na wafugaji kaskazini. Anataka kujua habari ya kwanza mliisikia kwa nani, mlimwamini kwa nini, na mlimwambia nani baada yake. Hataandika majina ya watu wala ya nyumba, na anayetaka kusema kwa Kinubi, Kisomali au Kioromo aje na mtu wa kumfasiria. Mama yule amekubali kukaa naye siku nzima.